Pikipiki ya Kwenda na Kurudi

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imeshuka alasiri, kabla sijaondoa vitabu vya shule dirishani. Vitatu vimelowa pembe. Naanza daftari hili kwa karatasi zilizobaki nilipokuwa nakata na kujalidi rejista za zahanati. Ni karatasi nzuri, nimezishona mwenyewe, na sijapata kutupa karatasi nzuri maishani mwangu isipokuwa siku moja ambayo sikuwa na hiari.

Mjukuu wangu amerudi na barua. Ameteuliwa kuwa mkunga wa kuzunguka vijiji vya mlimani. Ana miaka ishirini na minne na kimo cha meza yangu ya kukunjia kurasa ukiongeza kitabu kimoja kinene, ndiyo maana tangu zamani mtaa mzima unamwita Kibiriti. Barua ina sharti. Mkunga wa kuzunguka lazima aendeshe pikipiki. Zahanati itanunua, yeye achague, na kabla Mei haijaisha awe amefika peke yake kwa pikipiki katika vijiji vyote saba vya orodha, hata kile cha juu kabisa. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine. Na mtoto huyu hajawahi kuendesha hata baiskeli.

Chini ya fomu kuna mahali pa sahihi ya mzazi au mlezi. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi mbali. Mlezi ni mimi, tangu ana miaka mitatu.

"Tia sahihi, mke mwenzangu," akaniambia. Ananiita hivyo tangu utotoni, akidai marehemu babu yake alimposa yeye kwanza.

Nikamwambia sitii sahihi juu ya nafasi tupu. Kwanza tujue ni pikipiki gani.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Gundi haijakauka.

Jumamosi, 7 Machi

Tumekwenda kutazama. Katika duka la barabara kuu muuzaji ametuonyesha moja nyekundu, imeinama mbele kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, tumbo lake karibu liguse ardhi. Muuzaji alikuwa ameipaka mafuta hadi tairi.

"Hii, dada, ukipita watu wanageuka."

"Wateja wangu ni wajawazito, kaka," akasema mjukuu wangu. "Kugeuka kwenyewe kitandani ni kazi."

Nilimwuliza muuzaji itapitaje juu ya mawe na tumbo lile. Akasema mawe si ya pikipiki hii. Tukamshukuru.

Kisha tukaenda uani kwa fundi Sikio. Jina hili amepewa kwa sababu ya namna yake ya kutibu: huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, afumbe macho, halafu akuambie ugonjwa. Hasemi sana. Alikuwa na pikipiki moja ndogo ya zamani, rangi ya majivu. Mjukuu wangu aliposogea aikalie, fundi aliishika usukani akailaza chini kwenye matope, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Inyanyue."

"Nimekuja kuijaribu, fundi."

"Ndiyo kuijaribu huko. Kwangu mwanafunzi hakalii asichoweza kunyanyua. Kuiangusha utaiangusha. Swali ni nani atainyanyua."

Alijaribu mara mbili kwa mikono, ikakataa. Fundi akamwonyesha: geuka, ipe mgongo, chuchumaa, makalio yaegemee kiti, mkono mmoja usukani, mwingine kwenye chuma cha nyuma, kisha sukuma kwa miguu kana kwamba unaukataa ukuta. Ikasimama. Mjukuu wangu alicheka peke yake. Alipoikalia, nyayo zake zote mbili zilitulia chini.

"Inabeba watu wangapi?" nikauliza.

"Mmoja vizuri. Wawili kwa adabu."

"Na mzigo?"

"Mkoba wake wa kazi."

Nikamwambia mjukuu wangu twende. Njiani alisema aliipenda. Nikamjibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye hata haja ya kuinama hana, kwa hiyo asichague vitu kwa ufupi wake.

Jumapili, 8 Machi

Leo tumeipata. Mzee wa posta alistaafu mwaka jana baada ya kupandisha barua mlimani miaka thelathini, na ofisi ikamwachia pikipiki yake. Ni kubwa, nyeusi, kariya yake ya mizigo pana kama kitanda cha mtoto, na ubavuni ina vyuma vya kutundikia magunia. Nilipoiona moyo ulitua.

"Siku moja ilibeba magunia manne, mbuzi na mke wangu," akasema.

"Mbuzi hakulalamika?" akauliza mjukuu wangu.

"Mbuzi alinyamaza. Aliyelalamika ni mke wangu."

Mjukuu wangu alipoikalia, vidole tu vya miguu viligusa chini, kama mtu anayechungulia ua wa jirani. Mzee wa posta alimtazama, akanitazama mimi. Alikuwa rafiki wa mume wangu, ananiita shemeji.

"Ni ndefu kidogo kwake, shemeji."

"Atazoea."

Njiani mjukuu wangu akasema, "Bibi, mimi naitaka ile ya majivu."

"Ile haibebi kitu."

"Mimi nabeba nini, bibi?"

Nilikuwa na jibu, ila si la njiani.

Alhamisi, 12 Machi

Nimetia sahihi. Penye jina la pikipiki nimeandika kwa mwandiko wangu ile nyeusi ya mzee wa posta. Nilikuwa nimesema waziwazi: hiyo, au sitii. Mjukuu wangu alisoma, akasema, "Sawa, bibi." Hakuniita mke mwenzake.

Mzee wa posta ametuazima hadi zahanati imalize taratibu za kuinunua.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua. Gundi haijakauka.

Jumanne, 17 Machi

Fundi Sikio amekubali kumfundisha, kwenye uwanja wa shule ulio mbele ya karakana yangu. Nilitazama kutoka mlangoni nikiwa na sindano mkononi. Injini ilizimika mara kumi na tisa. Klachi, gia, anaachia, inaruka, inazima. Mara ya ishirini ilikwenda hadi lango la shule na kurudi, mwanafunzi amekakamaa kama picha ya kitambulisho. Nilijisikia fahari hata nikajidunga kidole.

Fundi alipokuja kunywa maji alitamka kwamba ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Alikuwa anaiambia bisibisi yake, lakini nilikuwepo.

Jumapili, 22 Machi

Amefika kijiji cha kwanza na cha pili. Kila kijiji mwenyekiti hutia sahihi kwenye orodha. Saini mbili, zimebaki tano. Anaweka orodha ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mkoba, ndani ya kitambaa. Hilo amelirithi kwangu.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Gundi haijakauka. Mjukuu wangu ana alama ya bluu kwenye mguu. Anasema ni meza.

Jumamosi, 28 Machi

Saa nane mchana fundi Sikio amesimama mlangoni kwangu, matope hadi magotini. Miaka yote tunayojuana hajawahi kuja karakana kunitafuta mimi. Hakutaka kuingia, eti atachafua karatasi.

"Mzima," akasema kwanza, na kwa neno hilo namshukuru. "Mjukuu wako mzima. Pikipiki nayo nzima."

Kisha akanieleza, na sijapata kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Asubuhi mjukuu wangu aliitwa kijiji cha tatu, mwanamke ana uchungu. Kwenye kona ya juu ya daraja alipunguza mwendo kumpisha ng'ombe, akataka kuweka mguu chini, chini hakukuwa karibu. Pikipiki ikalala mtaroni polepole. Hakuumia. Alichoshindwa ni kuinyanyua. Alitoa mkoba, alitoa kariya, alichimba matope kwa mikono. Mvua ilikuwa imewafungia watu majumbani, hakuna aliyepita. Alihangaika kwa saa moja na nusu. Mwishowe aliiacha akaenda kwa miguu, saa nyingine nzima.

Alipofika, jirani alikuwa amekwisha kumpokea mtoto, lakini damu ya mama ilikuwa haijakatika. Aliizuia. Mama na mtoto wako salama. Fundi alipopanda huko kwa kazi zake aliikuta kwanza pikipiki, akaogopa, ndipo akamkuta mwenyewe kijijini.

"Jingine, bibi," akasema. "Ile alama ya mguuni si meza. Hii ni mara ya nne. Siku nyingine walipita watu wakamsaidia."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Mimi ni fundi wa pikipiki, bibi."

Mjukuu wangu amerudi saa kumi na moja. Nilimchemshia maji. Alipomaliza kuoga akasema, "Ningechelewa robo saa nyingine, bibi," na hakuimalizia sentensi. Msimamizi wa zahanati amekwisha kusikia. Ameonya: likitokea tena hatasubiri Mei.

Nilimshika mikono kuitazama. Viganja vimechubuka, kucha mbili zimekatika. Mimi ni mjalidi wa vitabu, na kwa miaka arobaini sijajalidi kitabu cha mtu bila kumwambia anionyeshe mikono yake. Kitabu cha sala cha mwanamke mwenye baridi yabisi sikipi jalada zito, hata akililia. Ndiyo kanuni ya kazi yangu, wateja huicheka. Mikono hii nimeikuza mwenyewe na sikuipima.

Jumapili, 29 Machi

Leo, tukikunja kurasa pamoja, nimempa jibu lile ambalo halikuwa la njiani. Naliandika pia hapa, kwa sababu nimesoma vya kutosha kujua kwamba kisichoandikwa hubadilika.

Miaka arobaini na moja iliyopita tulikimbia kutoka kwetu kwa baiskeli moja. Mume wangu aliisukuma. Juu yake tulimpakia mama yake Kibiriti, aliyekuwa na miaka miwili, na mfuko wa unga. Vitabu vyangu niliviacha mezani, vingine bado vikiwa vimebanwa kwenye presi. Mama yangu mzazi alitembea pamoja nasi siku mbili. Siku ya tatu miguu ilivimba. Tulijaribu kumweka kwenye baiskeli, mtoto akaja mgongoni kwangu, unga tukaumwaga nusu. Tairi ikapasuka kwa uzito. Alikaa kando ya barabara, akapanga nguo yake vizuri, akasema, "Nendeni, nitawafuata." Mume wangu alirudi kumtafuta baada ya siku nne. Hakumkuta, wala hakupata mtu wa kumwuliza.

Tangu hapo kila chombo nakitazama kwa swali moja: kinabeba watu wangapi. Gari, mkokoteni, hata kitanda.

Mjukuu wangu alikunja kurasa nyingi kabla ya kusema. Alizipanga kingo zikalingana.

"Ulinichagulia pikipiki ya kukimbilia, bibi."

"Ndiyo."

"Mimi sikimbii. Mimi naenda, halafu narudi."

Husemwa kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimelifikiria neno hilo jioni yote. Mzigo niliompa hakuwa ameufunga yeye, na hakuna aliyeuona mwepesi isipokuwa mimi niliyemtwika.

Jumatatu, 30 Machi

Nimekwenda mwenyewe uani kwa fundi Sikio, mwavuli mkononi, mjukuu wangu nyuma. Ile ya majivu ilikuwa bado ipo, juu yake amelala paka.

"Ilaze," nikamwambia fundi.

"Ananyanyua nani, wewe?"

Aliilaza. Mjukuu wangu akaipa mgongo, akachuchumaa, akasukuma. Ikasimama mara moja. Nikamwambia fundi ailaze tena kwa upande wa pili. Ikasimama. Nikataka kujaribu mimi, nina miaka sabini na moja. Haikunyanyuka, lakini ilisogea kidogo. Fundi akasema hiyo ni kunisalimia.

Kutoka hapo hadi kwa msimamizi wa zahanati. Ni mwanamke wa maneno machache na miwani ya kamba. Alisema fomu moja, pikipiki moja.

"Mkosaji ni mimi," nikamwambia. "Yeye alichagua sawasawa, mimi nikamlazimisha kwa sahihi yangu. Andika hivyo hivyo kwenye fomu, nitatia sahihi hapo pia."

Alinitazama juu ya miwani, kisha akaandika hasa, mistari miwili. Nilisahihisha herufi moja, nikatia sahihi.

"Tarehe haibadiliki, mama," akasema.

"Sikuomba ibadilike."

Tulimrudishia mzee wa posta pikipiki yake. Niliogopa atakasirika. Alipitisha kiganja juu ya tangi, akasema, "Afadhali, shemeji. Nilikuwa silali. Nilikuwa nataka kukwambia, lakini wewe huambiwi."

Jumanne, 7 Aprili

Kijiji cha tatu, kwa pikipiki ya majivu. Ameanguka mara mbili, amenyanyua mara mbili, amefika. Yule mtoto wa siku ile ananyonya vizuri. Kibiriti anasimulia maanguko yake kama mchezaji anayesimulia mabao.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Gundi haijakauka. Mjukuu wangu kakauka mapema kuliko gundi, ameenda na kurudi kabla ya saa sita.

Jumapili, 19 Aprili

Vijiji viwili kwa siku moja. Saini tano. Leo asubuhi aliweka bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. Nikamwuliza anasikia nini. "Inasema umpikie mke mwenzio chai."

Nimekaa nikitabasamu peke yangu mbele ya rejista. Jina lile nililikosa kwa siku thelathini na nane.

Jumatano, 6 Mei

Kijiji cha sita. Kimebaki cha juu, ambacho njia yake imekatwa na maji. Msimamizi amepita karakana kuchukua rejista zake. Aliuliza bei ya jalada la ngozi, jambo ambalo halimhusu, kisha akasema kama mtu anayekumbuka kitu kidogo: "Huyo wako hujifuta matope kabla ya kuingia kwa mgonjwa. Wengi hawakumbuki." Nilijifanya natafuta mkasi.

Ijumaa, 15 Mei

Mvua. Njia bado imekatwa.

Alhamisi, 21 Mei

Mvua. Njia bado. Fundi amempa tairi la nyuma lenye meno marefu. Zimebaki siku kumi, na wote tunaitazama kalenda ya ukutani kama mgeni asiyeondoka.

Jumatano, 27 Mei

Maji yalipungua jana. Leo saa kumi na mbili asubuhi ameondoka, mvua nyembamba, mkoba umefungwa kwa mpira. Nilimshika ukosi, nikamfunga mkanda wa kofia ngumu, ingawa anajua kuufunga.

Nimeshona rejista mbili vibaya, nikazifumua. Mzee wa posta alipita, akasema njia ile anaijua, kona ya mwisho ndiyo mbaya. Nikamwuliza amekuja kunifariji au kunitisha. Akakaa. Fundi Sikio naye akaja, eti kuuliza kama nina kipande cha ngozi. Nikampa ngozi. Akakaa. Tulikuwa watu watatu tunaongea habari za hali ya hewa huku kila mmoja akiutazama uwanja wa shule.

Saa tisa na nusu fundi aliinua kidole. Sisi hatukusikia kitu. "Ni yeye," akasema. "Gia ya pili. Haina haraka." Dakika nzima ikapita ndipo ikatokea langoni, si ya majivu tena bali ya udongo, na juu yake mtu wa udongo.

Alivua mfuko wa nailoni, akatoa orodha, akaiweka juu ya meza yangu. Saini saba. Ya mwisho ina alama ya kidole cha tope, nami sitaifuta.

"Umeanguka mara ngapi?" nikamwuliza.

"Tatu."

"Nani alinyanyua?"

"Bibi, unauliza au unatamba?"

"Natamba."

Mzee wa posta alipiga makofi mawili. Fundi alikuwa tayari amechuchumaa, bisibisi sikioni.

Ijumaa, 29 Mei

Barua ya kuthibitishwa kazini imetoka. Nimeitengenezea jalada la kitambaa cha kijani, jepesi, kwa kipimo cha kiganja chake. Gundi imekauka kwa saa mbili.

Jumapili, 31 Mei

Jua, la kwanza lenye nia. Asubuhi alisimama mlangoni na kofia ngumu mbili.

"Leo zamu yako, mke mwenzangu."

Nilimwambia mimi sijapanda kitu cha magurudumu mawili kwa miaka arobaini na moja. Akasema anajua, ndiyo maana ameazima kofia. Kutoka kijiji cha juu, akasema, barabara tuliyokuja nayo na babu yake inaonekana.

"Fundi alisema wawili kwa adabu," nikamkumbusha.

"Basi kaa kwa adabu."

Nilimshika kiunoni. Mgongo wake ni mwembamba na haukuyumba. Kwenye kona ya mwisho, mahali ambapo tope bado ni laini, tairi la nyuma liliteleza nasi tukalala chini polepole, yeye huku, mimi kule, bila kuumia. Niliinuka kwanza, nikataka kushika chuma.

"Acha, bibi. Simama kando."

Nikasimama kando, mikono nyuma. Msimu huu wote sikufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Aliipa mgongo, akachuchumaa, akasukuma kwa miguu. Ikasimama. Alijipangusa viganja kwenye suruali, akanigeukia kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake.

"Panda."

Juu kabisa tuliketi kwenye jiwe. Barabara bado ipo, nyembamba kama uzi wa kushonea, inapita kati ya vilima viwili na kupotea. Niliitazama kwa muda niliouhitaji. Nilimwonyesha kwa kidole tulikotokea, kisha, karibu na pale inapopinda, mahali ninapodhani mama alikaa. Mjukuu wangu alivua kofia. Mama mmoja wa kijijini alipita na mtoto mgongoni, akamwita Kibiriti "daktari," naye akamsahihisha, "Mkunga," na mtoto akapimwa uzito kwa mkono palepale barabarani.

Tulishuka gia ya pili, bila haraka. Chakula cha mchana tulikila nyumbani.

Tumekwenda, tumerudi.